BARABARA SI HISANI, HELA YAKE TUNATOA SISI

Ndugu wanakijiji,

Wiki iliyopita lori la kuchukua maharage ya ushirika liligeuzia pale korongoni. Dereva alishuka, akalitazama shimo, akatikisa kichwa, akaenda zake. Magunia yamelala ghalani. Kesho yake walanguzi wakaja na pikipiki, wakataja bei wanayoitaka wao, na wenzetu wenye shida wakakubali. Hiyo ndiyo hasara ya barabara mbovu.

Wengi wetu tunasema, "Tuiombe Serikali itusaidie barabara." Hapo tunakosea. Huo si msaada. Tumeshalipa.

Tumelipa wapi? Kwenye mafuta. Kila lita ya petroli na dizeli inatozwa ushuru wa barabara, na hela hiyo inaingia Mfuko wa Barabara uliowekwa kwa sheria mwaka 1998. Sehemu kubwa kabisa, si chini ya asilimia 90, ni ya kutunza barabara zilizopo. Mwaka 2021 ushuru huo ulipandishwa kutoka shilingi 313 hadi 413 kwa lita. Ile nyongeza ya shilingi 100 ilikusudiwa barabara za TARURA, yaani wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanza mwaka 2017. Barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS. Hii yetu ya korongoni ni ya TARURA.

Mtu atasema, "Mimi sina gari, nimelipa lini?" Ndugu, mashine ya kusaga inakunywa dizeli. Mama aliyekwenda kwa miguu na debe la mahindi kichwani, akilipa hela ya kusaga, amelipia barabara. Aliyepanda bodaboda amelipa. Aliyenunua chumvi dukani naye amelipa, maana chumvi haikuja kwa miguu. Tupige hesabu: mashine ikinywa lita 10 kwa siku, ile nyongeza peke yake ni shilingi 1,000. Kwa siku 300 ni shilingi 300,000. Mashine moja tu hiyo!

Lakini tuseme ukweli. Barabara za vijijini ni nyingi na hela haitoshi zote. Mwaka wa Serikali unaanza Julai, na mipango inapangwa mapema. Anayekwenda kulia mvua ikishanyesha amechelewa. Hapo sisi viongozi tuna kosa: tumelalamika kwa mdomo, barua hatukuandika.

Na wanakijiji nao wana lao. Mifereji imejaa udongo. Wengine wamelima mpaka ukingoni mwa barabara. Wengine wamekata barabara katikati kupitisha maji ya bustani. Maji yakinyimwa njia yao yanachukua njia yetu. Hata greda likipita leo, masika moja tu kazi yote imekwenda na maji.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya:

1. Mkutano Mkuu wa Kijiji ujao, barabara iwe jambo la kwanza. Tuandike barua, ipite kwa Mtendaji na Diwani, tuulize: Barabara yetu imo kwenye mpango wa mwaka? Imetengewa kiasi gani? Mkandarasi akija, anatakiwa afanye nini na amalize lini?

2. Jumamosi asubuhi kila kaya itoe mtu mmoja na jembe, tuzibue mifereji toka ghalani hadi korongoni.

3. Aliyelima ndani ya eneo la barabara arudi nyuma, hata akiwa kiongozi. Tuanze na viongozi.

Ndugu, sisi tuliojifunza kusoma ukubwani tulifundishwa hesabu ili tusipunjwe kwenye mizani. Basi hesabu hiyo hiyo tuipeleke na barabarani. Anayejua alicholipa haombi, anadai; na anayedai hushika jembe pia.

Tukutane Jumamosi.

Katibu wa Chama, Tawi