MTOTO ASIYETULIA

Ni mwalimu gani wa Nguvumali, Tanga, asiyemjua mtoto asiyetulia darasani? Huanza kazi asiimalize, hupoteza daftari, hudakia maneno ya wenziwe. Twazoea kumwita mtukutu, na bakora hufuata.

Si kila mtundu ni mgonjwa. Lakini wako watoto ambao fikira zao hazikai juu ya jambo moja, wala hawakupenda iwe hivyo. Mara nyingi hali hiyo hurithiwa. Mwaka 2011 wataalamu wa Marekani walikusanya chunguzi nyingi wakaona kwamba watoto hao, wakisha kukua, hunaswa na dawa za kulevya kuliko wenzao. Walio wengi husalimika; walio hatarini ndio wa kuangaliwa.

Sababu yaeleweka. Aambiwaye kila siku kuwa hafai huikimbia shule, huwafuata wanaomkubali, na kwa kuwa hutenda kabla ya kufikiri, akiambiwa aonje, huonja.

Mwaka huo huo wa 2011 Hospitali ya Muhimbili ilianza kuwapa methadoni waliotekwa na heroini. Ni kazi njema, ila humpokea mtu alipokwisha kuzama.

Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi, hawakusema mvunje. Twawasihi wazazi na walimu: mtoto huyu akalishwe mbele, apewe kazi fupi fupi, asifiwe amalizapo, na apelekwe kwa daktari. Nayo Serikali iwafundishe walimu kumtambua. Bakora haijapata kumponya hata mmoja.