Wahandisi wa kike wapelekwe saiti

Nakuru haina uhaba wa kazi ya uhandisi. Mvuke wa Olkaria unazalisha umeme tangu 1981, Menengai nayo ikaanza mwaka 2023, na ghorofa zinachipuka kutoka Pipeline hadi Naka. Chuo Kikuu cha Egerton, pale Njoro, kinatoa wahitimu wa uhandisi, wasichana wakiwemo. Kisha wasichana hao wanaajiriwa, na baadhi yao wanageuzwa makarani.

Mvulana aliyehitimu naye anatumwa kusimamia umwagaji wa zege. Msichana anaachiwa faili, simu na chai ya wageni. Siku akibahatika kufika saiti, fundi anampita na kumuuliza dereva, "Injinia yuko wapi?" Watu wanacheka.

Sisi hatucheki. Sheria ya Wahandisi ya 2011 inamtaka mhitimu awe na uzoefu wa kazi usiopungua miaka mitatu, kisha afaulu tathmini, ndipo Bodi ya Wahandisi Kenya (EBK) imsajili kuwa mhandisi kamili. Aliyeshinda akipanga faili ataonyesha nini? Mwenzake ataorodhesha misingi aliyoikagua, nondo alizozihesabu kabla ya zege kumwagwa, pampu alizozifungua na kuzirudisha. Yeye ataandika kwamba alihudhuria mkutano. Akionekana hajaiva, lawama ni zake: eti wasichana hawapendi vumbi.

Visingizio tunavijua. Zamu ya usiku kwenye visima vya mvuke ni hatari, wanasema. Ni hatari kwa kila mtu, na dawa yake ni taa, usafiri na ulinzi. Hakuna choo cha wanawake. Basi kijengwe: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 imemtwika mwajiri jukumu hilo, pamoja na vifaa vya kujikinga. Na buti ziwe za kumtosha, si nambari 10 zilizoachwa na mtu aliyehama. Ataolewa, atazaa. Hapa mwajiri anajishtaki mwenyewe, maana Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza ubaguzi wa jinsia na wa ujauzito.

Wapo wahandisi wakongwe wanaowafunza vijana wote bila upendeleo, na hao wanajulikana hata na mafundi. Wanaobaki hawana utetezi. Msimamizi anayetia sahihi miaka mitatu ya chai na kuiita mafunzo amesema uongo kwa maandishi, na amemwibia kijana taaluma aliyoisomea miaka mitano.

EBK ilinganishe kazi walizopewa wahitimu wa kike na wa kiume chini ya msimamizi mmoja, na anayebagua apokonywe ruhusa ya kusimamia. Serikali ya Kaunti nayo iandike katika zabuni zake za barabara na maji kwamba kontrakta asiye na vyoo vya wanawake saiti halipwi hata awamu ya kwanza. Iwe hivyo kuanzia zabuni ijayo.