Wingi wa nukta si ubora wa picha

Kumezuka mazoea miongoni mwa wanafunzi wetu, na hata walimu, ya kuipima kamera kwa tarakimu moja tu iliyoandikwa kwenye kasha lake: idadi ya megapikseli. Muuzaji husema hii ina 24 na ile ina 12, na mnunuzi huamini papo hapo kwamba ya kwanza ni bora maradufu. Vyama vya uanahabari shuleni hutumia michango ya wazazi kwa hoja hiyo, na mwanafunzi wa chuo kikuu huimegea sehemu ya mkopo wake wa masomo. Naona ni wajibu kusema kwamba hoja yenyewe ni dhaifu.

Kwa kuwa kazi yangu ni isimu, nitaanza na neno. "Bora" ni neno la kulinganisha. Hatuwezi kulitumia sawasawa bila kujiuliza: bora kuliko nini, na kwa kazi gani? Megapikseli, kwa upande wake, ni hesabu ya mamilioni ya nukta zinazounda picha. Hiyo ni hesabu ya wingi. Anayesema "megapikseli nyingi" akimaanisha "picha bora" amegeuza maana katikati ya sentensi, na mnunuzi ndiye anayeligharamia geuzo hilo.

Hebu tutazame mfano. Kampuni ya Nikon ilitoa kamera ya D300 mwaka wa 2007, na D700 mwaka wa 2008. Zote mbili ni kamera za dijitali za kioo, zile ambazo lenzi zake hubadilishwa na mpigaji huchungulia kupitia lenzi hiyo hiyo inayopiga picha. Ya kwanza ina megapikseli 12.3 na ya pili 12.1. Kwa kipimo cha kasha, D300 imeshinda. Lakini kihisi, yaani kile kipande kinachopokea mwanga mahali pa filamu, kina ukubwa wa takriban milimita 36 kwa 24 katika D700, na takriban milimita 24 kwa 16 katika D300. Eneo la kile kikubwa ni zaidi ya mara mbili ya kile kidogo. Kwa hiyo kila nukta hupata nafasi ya kupokea mwanga mwingi zaidi. Ukumbini jioni, au katika chumba chenye dirisha moja, picha ya D700 hutoka safi zaidi ilhali ile ya D300 huingia chembechembe mapema. Juani mchana, wengi wetu hatutaiona tofauti hiyo.

Kuna na suala la ukubwa wa picha ikishachapwa. Ukurasa mzima wa A4, ukichapwa kwa nukta 300 kwa kila inchi, ambacho ni kiwango kizuri cha uchapishaji, huhitaji nukta zisizotimia milioni 9. Gazeti la ukutani au jarida la shule halidai zaidi ya hapo. Tena, kutoka megapikseli 12 hadi 24 hakuongezi upana wa picha maradufu, bali kwa asilimia 41 hivi tu. Siwapingi wanaosema kwamba nukta nyingi humfaa mwenye kuchapa mabango, au mwenye kukata kipande kidogo cha picha na kukikuza. Ni kweli, zinamfaa. Swali ni kama hiyo ndiyo kazi yetu.

Uzito wa jambo hili huonekana zaidi kwetu tunaoshughulika na lugha. Hati za kale za Kiswahili ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Katika maandishi hayo, herufi za be, te na the hutofautishwa kwa nukta pekee: moja chini, mbili juu, tatu juu. Mtafiti anayeipiga picha hati kama hiyo katika mwanga hafifu, kwa kamera iliyosifiwa kwa wingi wa megapikseli tu, huenda akarudi na picha ambayo chembechembe zake zimechanganyika na nukta za mwandishi. Au kamera yenyewe, katika kuzisafisha chembechembe, ikafuta na nukta. Msomaji hatajua tena kama aliyeandika alikusudia "bao" au "tao". Karatasi ile ikija kuliwa na mchwa, hakuna wa kuulizwa.

Basi tulinganisheje? Weka kamera mbili mbele ya kitu kimoja, katika mwanga mmoja, juu ya tegemeo la miguu mitatu. Tumia lenzi za daraja moja, maana lenzi duni huiharibu picha kabla haijafika kwenye kihisi. Piga mara mbili: mara moja katika mwanga wa kutosha, mara nyingine katika mwanga hafifu. Kisha zichape picha zote kwa ukubwa ule ule, uzitazame bila kujua ipi ni ya kamera ipi. Hapo jicho ndilo litakaloamua, si kasha.

Fursa ya kufanya hivyo ipo. Canon na Nikon wamezielekeza nguvu zao kwenye kamera zisizo na kioo, na zile za kioo sasa hupatikana kwa mtumba. Ningemshauri mwalimu anunue kamera ya kale kidogo, na fedha zitakazobaki azitie kwenye lenzi nzuri.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Sina ugomvi nao. Lakini anayenunua jembe kwa fedha za wenzake, kisha akalimie shamba lisiloweza kupandwa mara ya pili, huyo analazimika kulichagua.