Makosa ya Wenye Kuanza Python

Mwezi huu tunaongea juu ya lugha moja isiyosemwa kwa kinywa. Jina lake Python. Ni lugha ya kuandikia kompyuta kazi ya kufanya. Mwenye kuitunga ni Guido van Rossum, mtu wa Uholanzi, akaitoa mara ya kwanza mwaka wa 1991. Ni ya bure. Hata kijana wa Dilolo mwenye simu tu anaweza kuijifunza, maana kuko programu za simu zinazoiendesha bila intaneti.

Lakini wengi wanaanza na moto, kisha nyuma ya majuma mawili wanaacha. Juu ya nini? Mara nyingi si akili iliyokosa. Ni makosa madogo, yale yale kwa kila mtu. Tuyaangalie.

La kwanza ni herufi. Python inatenga herufi kubwa na ndogo. Neno la kuonyesha jibu ni print. Simu, yenyewe, inapenda kuweka herufi kubwa mwanzoni mwa mstari, basi unapata Print, na Python inakataa.

La pili ni nafasi. Mistari inayokaa chini ya if au for inasogezwa ndani, kwa desturi nafasi 4. Ukisogeza mmoja nafasi 4 na mwenzake 3, inakataa tena.

Haya mawili si mabaya sana, kwa kuwa Python inalalamika palepale. Mabaya ni yale yenye kunyamaza.

La tatu ni mkato. Shuleni kwetu tunaandika kilo mbili na nusu kwa namna ya Kifaransa: 2,5. Python inataka nukta: 2.5. Ukiandika uzito = 2,5 haikatai. Inawaza umeipa namba mbili, 2 na 5. Ukizidisha mara 3, haupati 7.5. Unapata (2, 5, 2, 5, 2, 5).

La nne ni input. Kile mtu anachojibu kwa input, Python inakipokea kama maandishi, hata kikiwa tarakimu. Uliza uzito wa mfuko, jibu 40, zidisha mara 3: inakutolea 404040 pahali pa 120. Andika int(input()), ama float(input()) kama kuna nukta.

La tano ni kuhesabu siku. Toka kazi moja mpaka siku ya posho ni siku 6. Mwenye kuanza anaandika range(1, 6). Lakini range inasimama mbele ya namba ya mwisho: 1, 2, 3, 4, 5, basi. Siku ya posho imepotea! Andika range(1, 7).

Munaona hatari yake? Hapa kwetu mchimbaji wa mkono analipwa kwa uzito wa mifuko na kwa kiasi cha shaba ao kobalti iliyo ndani ya mawe. Mtoto akimtengenezea baba yake hesabu ya simu yenye kosa la tano, baba atafika kwenye depo na hesabu ya siku 5, naye alitumika siku 6. Na simu haitasema neno.

Kwa hiyo shikeni mambo mawili. Kwanza, Python ikikataa, musifute yote. Someni mstari wa mwisho wa ujumbe: unataja aina ya kosa. Juu yake kuko namba ya mstari ulioharibika. NameError ni jina lisilojulikana. IndentationError ni nafasi zisizolingana. Pili, Python ikikubali, musiamini bado. Chukueni kalamu, mupige hesabu ndogo ambayo jibu lake munalijua, kisha mulinganishe. Zikiachana, mashine haikudanganya. Imefanya vile ulivyoandika.

Nawe mzazi, ukimwona mtoto ameinamia simu, usiseme tu anacheza. Mwambie: "Nionyeshe mifuko 3 ya kilo 40." Yeye apige kwa Python, wewe piga kwa karatasi. Majibu yakiwa sawa, mwongezee kazi: mpe hesabu ya juma lote.