Gari dogo, mafuta mengi?

Wafanyabiashara wa Nakivale wanaofuata bidhaa Mbarara huniambia kuwa Toyota Vitz ya injini ya lita 1 ndiyo nafuu. Kwa abiria wawili kwenye lami, nakubali. Lakini ukiijaza magunia na kuingia barabara za udongo zenye vilima za Wilaya ya Isingiro, injini hiyo hupanda kwa gia ya kwanza na ya pili, ikinywa mafuta zaidi.

Hesabu ya mfanyabiashara ni ya gunia, si ya kilomita. Tuseme Vitz imetumia lita 7 kubeba magunia 3, na pikapu lita 12 kubeba 10. Vitz imekula zaidi ya lita 2 kwa gunia. Pikapu lita 1.2.

Kwa maoni yangu, wenye mizigo wachangie pikapu. Anayerejea kwao na begi moja, Vitz inamtosha.