Nyumba si ya yule anayeshika ufunguo

Leo hatuongei bei ya koltani wala taxe za njiani. Tunaongea mambo ya nyumbani. Kuna wenye watasema: sendika inatafuta nini ndani ya chumba cha watu? Jibu letu ni fupi. Watu wanakuja kwetu na matata ya kazi, lakini tukiwasikiliza vizuri, mara nyingi tunakuta matata yalianzia nyumbani, siku bwana na bibi walipoachana bila mtu wa kuwapatanisha na bila sheria.

Tukamate mfano mmoja. Bwana anatoka Masisi, anaenda Walikale kutafuta kasiterite. Anasema ni miezi mitatu tu. Inakuwa miaka miwili. Bibi anabaki na watoto wane. Analima, anabeba mizigo siku ya soko, na kila mara bwana akituma feza wananunua kitu: kwanza kiwanja, kisha mabati, kisha mbuzi. Siku moja bwana anarudi na bibi mwingine. Yule wa kwanza anaambiwa: toka, nyumba ni yangu, ni jasho langu la shimoni. Anatoka na nguo zake na mtoto wa kunyonya mgongoni. Watoto watatu wanabaki, eti ni wa baba kwa sababu alitoa mali. Mwaka haujaisha, yule mkubwa ameacha masomo, anabeba mawe kwenye mto.

Mwanaume huyo si mtu wa mbali. Ni mwenzetu, tunakula naye, tunashuka naye shimoni. Tukubali aibu hiyo, sisi wenyewe. Na kuna kisa cha upande wa pili vilevile: mchimbaji anarudi na feza kidogo, anakuta kiwanja kimeuzwa, bibi ameenda na watoto, hajui wako wapi. Naye anaumia. Ndiyo maana hatuongei hapa juu ya wanawake peke yao.

Basi sheria inasema nini? Code de la famille ya inchi yetu ni ya tarehe 1/8/1987, nayo ilibadilishwa na sheria namba 16/008 ya tarehe 15/7/2016. Lakini wengi wetu bado tunaishi kama vile haikuandikwa. Zamani bibi mwenye ndoa alihitaji ruhusa ya bwana ili afanye mapatano ya sheria yenye kumfunga. Ruhusa ile imeondolewa. Leo ni mapatano ya wawili.

Juu ya mali ya nyumba, wakati wa ndoa watu wanaweza kuchagua namna ya kuiongoza. Wasipochagua, na wengi wetu hatuchagui, sheria inawachagulia: kila mmoja anabaki na kile alichokuwa nacho mbele ya ndoa na kile alichoriti kwa wazazi wake, lakini kile walichopata kwa kazi yao ndani ya ndoa ni cha wote wawili. Sheria haiulizi nani alishuka shimoni na nani alibaki kwenye shamba. Feza ilitoka Bisie, sawa. Lakini nani aliwalisha watoto wakati ile feza ilikuwa haijafika? Nani alisimama juu ya mafundi wakati wa kupiga mabati? Jasho la shimoni na jasho la shamba ni jasho moja. Na kuuza kiwanja au nyumba ya wote kunataka mapatano ya wote wawili. Kushika ufunguo hakutoshi.

Juu ya watoto, desturi zetu zinasema mtoto anafuata mali: ikitolewa, ni wa baba, isipotolewa, ni wa wajomba. Tunaheshimu desturi, lakini mtoto si mbuzi wa kugawanya. Wazazi wakiachana mbele ya tribunal, mwamuzi anatazama faida ya mtoto mwenyewe. Na hata mtoto akiwekwa kwa mmoja, yule mwingine anabaki mzazi: ana haki ya kufuatilia malezi yake, na ana deni la kutoa kadiri ya uwezo wake, kwa chakula, kwa masomo, kwa dawa. Sheria ya tarehe 10/1/2009 juu ya ulinzi wa mtoto nayo inaweka faida ya mtoto mbele. Sisi tunajua ni nini inatokea wakati hakuna mtu wa kuifuata. Watoto wenye tunakuta kwenye mashimo, wengi wao si kwamba walipenda mawe. Ni nyumba ilibomoka juu yao.

Sasa matata makubwa ni haya: wengi wetu tumeoana bila karatasi. Tulikutana kwenye kambi, tukaanza kukaa pamoja, watoto wakakuja. Wengine walitoa mali kwa familia lakini hawakufika kamwe kwa ofisi ya état civil. Tunasema vizuri: watu wenye wanakaa pamoja tu, sheria haiwahesabu kama bwana na bibi. Siku ya kuachana inakuwa vigumu sana kudai nusu ya nyumba. Ndoa bila karatasi ni shimo bila miti ya kushika udongo. Unaingia, unatoka, unasema hakuna kitu. Siku udongo unashuka, umechelewa. Na karatasi ile ndiyo itamsaidia mjane siku shimo linatunyanganya mtu.

Kwa watoto ni tofauti. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa si mtoto wa nusu. Sheria inataka kila mtoto awe na baba, na baba aseme mbele ya leta kwamba ni wake. Kumwandikisha mtoto ndani ya siku 90 baada ya kuzaliwa ni kazi ya kila mzazi. Tusingojee ugomvi.

Na kama ugomvi umekwisha kufika? Kwanza, wazee na familia. Wakipatanisha kwa haki, asante. Lakini ndoa yenye kuandikwa kwa leta haivunjwi na wazee, haivunjwi na shefu, wala na mtu mwenye bunduki. Inavunjwa na Tribunal de Paix. Pale mwamuzi anaanza kwa kuwaita wote wawili na kujaribu kuwapatanisha. Wakati kesi inaendelea anaweza kuamua kwa muda nani anakaa wapi, watoto wanakula nini, mali inachungwa namna gani. Kwa hiyo usitoke nyumbani ukiacha kila kitu nyuma. Chunga karatasi ya ndoa, karatasi za kuzaliwa za watoto, karatasi ya kiwanja, hata vikaratasi vya feza iliyotumwa. Andika majina ya mashahidi. Na kiwanja kipya, kiandikwe kwa majina mawili.

Wengi wanaogopa avoka sababu ya feza. Mjue hivi: Barreau ina Bureau de Consultation Gratuite, kazi yake ni kusaidia maskini bila malipo. Mtu asiye na uwezo anaweza kuomba attestation d'indigence ili asizuiwe na malipo ya tribunal. Kule Goma kuna pia wanawake wanasheria wa Dynamique des Femmes Juristes, wenye wanasikiliza na kuongoza wanawake. Si lazima uuze mbuzi wa mwisho mbele ya kuuliza.

Lakini tuseme kweli: Goma ni mbali. Kutoka Walikale-centre ni zaidi ya kilometa 200, na kila mtu anajua ile njia, matope na vizuizi. Mama mwenye mtoto mgongoni hawezi kuifanya mara tatu juu ya kesi moja. Ndiyo maana tunaomba vitu vitatu. Kwanza, waamuzi na avoka waje kwetu kwa audiences foraines, si kwa kesi za bunduki peke yake, lakini pia kwa kesi za ndoa na watoto. Pili, état civil ifike karibu na machimbo, siku za soko, bila kuomba feza ya pembeni. Tatu, kila koperative iandike jina la bibi au bwana na la watoto kwenye faili ya kila mchimbaji.

Na kwetu wenyewe tunaomba kitu kimoja. Mwenzako akimfukuza bibi yake usiku, usicheke naye kesho kwenye kinywaji. Umwambie. Sisi tunalia kila siku kwamba wakubwa wanakula jasho letu na kutuacha mikono mitupu. Tusiende nyumbani kufanya vilevile kwa yule aliyelala karibu nasi.