Fonti mbovu hula toni zetu

Mwaka 1956, Shé-kárịsị Rureke alimsimulia Daniel Biebuyck utenzi wa Mwindo kwa muda wa siku 12, huko kwa Wanyanga. Mwaka 1969 Biebuyck na Kahombo Mateene waliuchapisha pamoja na maneno yake ya Kinyanga. Tazameni jina la msimulizi: lina é, lina á, lina ị yenye nukta chini. Alama hizo zilipata nafasi kitabuni. Je, katika kompyuta zetu za Linux zinaipata?

Kuna maradhi mawili, wenzangu, na tusiyachanganye. La kwanza ni herufi zenye meno kama msumeno. Hilo ni la macho tu: fungua mipangilio ya fonti, washa ulainishaji wa kingo, na meno huondoka. La pili ni zito. Fonti ikikosa herufi, Linux huiazima kwenye fonti nyingine, na neno moja hutoka na herufi za sura mbili. Tena, ị ina namba yake katika Unicode, lakini ị yenye alama ya toni juu haina. Lazima alama iunganishwe nayo, na fonti dhaifu huiacha ikielea au ikiangukia herufi jirani.

Mwanafunzi akichoshwa na uchafu huo, hufuta toni. Wengine husema haidhuru, mwenye lugha husoma bila toni. Ni kweli, kwa sababu sauti anaijua tayari. Lakini kamusi haiandikwi kwa anayejua peke yake. Vita vimewahamisha wengi kutoka Masisi na Walikale. Mtoto wa Kihunde anayekulia Goma au Kampala huenda akaijua toni ya bibi yake kwa maandishi, au asiijue kabisa. Na mzee aliyetusimulia mara moja huenda tusimpate tena.

Wengine watasema hiyo ni kazi ya fundi. Fundi hajui toni inakaa wapi; sisi tunajua. Kitivo kichague fonti moja, kwa mfano Charis SIL, ambayo ni ya bure. Iwekwe katika mashine zote na ifungwe ndani ya kila PDF inayowasilishwa. Na waalimu wetu wakatae sura yenye toni zilizodondoka, kama wanavyokataa tafsiri iliyokosewa.